Prefe na Mashine Isiyozimwa

Kabla yeye hajatokea kwenye kona, mashine yake ilikuwa imeshasikika. Feni ya ile kompyuta ilivuma ndani ya vitenge vitatu na kipande cha bashi, turubai lile wanalogawiwa wakimbizi, na mimi nikiusikia mvumo huo nilijua kwamba leo kazi za wengine zitalala. Angeingia kibandani, angesema bonjour kwa kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Kisha angekiweka kifurushi mezani, angefungua kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kusema neno lake lilelile.

“Mama, iko na homa tena.”

Tulimwita Prefe. Kwetu hilo ndilo jina la mkuu wa shule ya sekondari, na yeye aliongoza shule moja huko milimani Masisi mpaka ikabaki kuta na majivu. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja kwenye karatasi na sitaliandika hapa. Hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Majengo, mjini Goma, meza moja, bisibisi zangu, na chupa ya rangi nyekundu ya kucha ambayo haikugusa kucha hata siku moja. Kila kitu cha mteja, na vyangu pia, nilikitia nukta mbili nyekundu upande wa chini, asije mtu kesho akasema nimembadilishia diski. Wateja waliipenda desturi hiyo. Prefe aliitazama chupa ile siku ya kwanza, akaniuliza kama hospitalini nako wagonjwa hupakwa rangi wasichanganywe.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na shule nzima. Shule ilipochomwa, madaftari ya pointi, yaani alama za wanafunzi, yaliungua pamoja na kabati lake, na kitu pekee kilichobaki duniani kuonyesha kwamba watoto zaidi ya mia nne waliwahi kukaa darasani kijijini kwake kikawa yale mafaili aliyokuwa akiyaandika baada ya masomo. Jina la mwanafunzi, jina la baba, jina la mama, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, na pointi za kila somo. Mtoto hawezi kuandikishwa kwa egzame ya Leta, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, bila kuonyesha bulletin, ripoti zake za alama, za miaka iliyotangulia. Na watoto wale walikuwa wametapakaa, wengine kambini Mugunga kwenye mahema, wengine kwa mashangazi, wengine ng'ambo ya mpaka. Walimtafuta Prefe mmoja mmoja, na Prefe alinitafuta mimi, maana bulletin zilichapishwa kibandani kwangu na kupigwa muhuri wa shule alioutunza ndani ya soksi. Mashine ikifa, aliniambia, wale watoto watakuwa hawajasoma kamwe. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilimvumilia.

“Nyumba inaunguaka,” alipenda kusema. “Pointi haziunguake.”

Sasa niseme ugonjwa wenyewe. Kompyuta ile ilikuwa nzito kama tofali, imezeeka kuliko ndoa yangu, na herufi moja ilikuwa imeng'oka, mahali pake Prefe akabandika kifungo cha shati. Kuwaka kwake kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ilikuwa polepole kwa sababu ilikuwa na joto. Mashine ikiona joto limezidi hupunguza mbio zake ili isiungue, na ikishindwa hata hivyo, hujizima yenyewe. Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta mbele ya feni kitu kama blanketi dogo. Ni nyuzi za kitenge zilizoshikamana na vumbi jeusi la mawe yetu ya mlima, lile vumbi ambalo mtu wa Goma analala nalo na kuamka nalo. Nililing'oa kwa koleo dogo, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikakwangua dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, ile nyeupe inayosaidia joto kutoka. Prefe alisimama muda wote. Nilimpa kiti, akakataa, akasema mgonjwa wake hajakaa.

Baada ya wiki tatu alirudi na homa ileile. Nikakuta blanketi lilelile, limeanza upya.

Hapo nikamuuliza, kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda mbele ya mzee, anaizima saa ngapi. Akaniangalia kama nimetukana. Hakuwa akiizima. Miaka yote ile alikuwa akishusha kifuniko tu, mashine ikiwa hai, anaifunga katika vitenge vitatu ili vumbi lisiingie, bashi juu ili mvua isiingie, anaibeba. Ikiishiwa moto wa betri alikwenda upesi kwa watu wa kuchajisha simu, akakaa pale mpaka ijae. Kwa hiyo alikuwa akiipika na huku akinililia homa.

Alikuwa na sababu yake. Mara ya kwanza walipokimbia, mashine ilikuwa imezimwa, na walipofika walikofika ilikataa kuwaka siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja, alisema, alikuwa ni mtu asiye na shule, asiye na nyumba, na aliyepoteza watoto wa watu. Kisha ikawaka yenyewe, Mungu ajuaye. Tangu hapo aliapa haitazimwa tena. Nilimweleza mara mia kwamba kitenge ndicho kinachoiua. Nilimwomba angalau afungue upande mmoja ipumue. Aliitikia, akaondoka, na kabla hajafika kwenye kona nilimwona akikaza fundo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilikuwa sikio la mtu aliyekimbia mara saba, na kila mara alikuwa akifunga kitu mgongoni. Mtu wa namna hiyo humwambii fungua.

“Mutoto akilala mu mugongo haumushushake mu njia,” alinijibu siku moja, na mjadala ukaishia hapo.

Alitoa pointi kwa kila kitu. Chai ya jirani yangu ilipata sita juu ya kumi. Mahubiri ya padri, tano, na hiyo alimwambia padri mwenyewe. Kazi yangu, saba, na niliposafisha vizuri sana, saba na nusu. Nilimuuliza nane inapatikana wapi. Akasema nane ni ya mwanafunzi bora, tisa ya mwalimu, na kumi ni ya Mungu. Nilicheka, ila moyoni niliitaka ile nane kama msichana wa darasa la pili, na niliudhika kwamba naitaka.

Tai alivaa kila siku, ya rangi ya divai, hata enzi alipoishi Mugunga ambako mahema yalipangwa juu ya mawe na mtu akitoka nje anatoka akiwa ameinama. Miguuni alivaa kandambili za mpira wa tairi. Kuhusu ukweli, alikuwa watu wawili, na sikuwahi kuwapatanisha. Walipokuja watu wa kuandikisha familia kwa ajili ya mashuka na unga, Prefe aliapa bila kupepesa kwamba ana watoto tisa. Hakuwa na hata mmoja pale. Mkewe alipomkanya, alisema tisa ni kidogo, angesema mia nne wasingemwamini. Unga wa ziada aliwapelekea wanafunzi wake waliokuwa mahema ya nyuma, na kidogo, nisimfanye malaika, aliuuza akanunua karatasi na tumbaku.

Lakini pointi hakuongeza, ng'o. Mama mmoja alipiga magoti sakafuni kwangu, mtoto wake amekosa pointi moja ya kupanda darasa, shule imeungua, mwalimu wa hesabu amekufa, nani atajua? Mimi mwenyewe nilimwambia, Papa Prefe, ni kubonyeza mara moja. Alinivuta mkono, akafungua faili la miaka mingi nyuma, akaweka kidole kwenye jina moja la ukoo wake. Ilikuwa pointi arobaini na tisa, na chini yake neno moja, anarudia.

“Huyu njo mutoto wangu,” alisema. “Quarante-neuf. Bote baliniomba, mama yake alilia. Nikasema arudie mwaka. Alikataa kurudia, akaenda mu pori na batu ba bunduki.”

Nikamuuliza kama alirudi. Akafunga faili.

“Kama ningeongeza ya ule mama sasa, ningemwambia nini yule?”

Yule mama aliondoka bila bulletin aliyoitaka. Sijui kama Prefe alikuwa na haki. Nilimchukia mchana ule wote, na jioni nilipokuwa nafunga kibanda bado nilikuwa namchukia.

Wapo waliofaidika, na nitamtaja mmoja kwa sababu siku yake ndiyo iliyonifanya nitende nilichotenda. Alikuwa msichana wa Mugunga, darasa la mwisho, na siku ile ilikuwa ya mwisho kuandikisha egzame. Walifika pamoja saa nne asubuhi, yeye na Prefe, wakihema. Mashine ilikuwa ya moto kiasi kwamba kifungo cha shati kilikuwa kimelegea gundi. Ikawaka, ikajizima. Ikawaka tena, tukaona jina la darasa, ikajizima. Nikaijaza sufuria maji baridi, nikaifunika na kuikausha vizuri upande wa nje, nikaiweka mashine juu ya mfuniko wa sufuria, nikampa msichana kipande cha katoni apepee. Alipepea saa nzima bila kubadilisha mkono. Prefe aliongea na ile mashine kwa Kihunde, lugha ya kwao, polepole, jinsi mtu anavyomsemesha ng'ombe anayekataa kusimama. Faili lilifunguka, karatasi ikatoka, muhuri ukatoka kwenye soksi. Msichana alikimbia bila kuaga, akafika ofisi haijafungwa.

Aliupasi mtihani. Leo anauza samaki soko la Kituku, na diploma yake iko nyumbani ndani ya plastiki, chini ya godoro. Nilipomwona mara ya mwisho alinipunguzia bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, hakusema mengi.

Siku ile ya katoni nilielewa kwamba mashine haitamaliza miaka miwili. Nikamwomba Prefe ruhusa ya kunakili mafaili. Akakataa. Zamani aliwahi kuruhusu flashi ya mtu mmoja iingie, ikaja na kirusi, na darasa zima likapotea machoni mwake wiki mbili hadi mimi nilipolirudisha. Alisema shule haina wakuu wawili, na orodha ikikaa mahali pawili ina wenyewe wawili, naye hamjui huyo wa pili. Niliona ni ukaidi wa uzee tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nikamwambia, naye akaipa methali yangu pointi nne.

Kisha mkewe akafa, ule mwaka wa kipindupindu kambini. Prefe aliniachia mashine siku mbili, mara ya kwanza na ya pekee, maana hakuweza kumbeba mke na mashine pamoja. Katika siku hizo mbili niliisafisha, nikaipaka dawa, na nikanakili shule nzima kwenye diski yangu ya nje, nyeusi, inayoenea kiganjani. Nikaitia nukta mbili nyekundu, nikaiweka kwenye droo chini ya nyaya. Sikumwambia. Nilijiambia atanishukuru siku mashine itakapokufa, na nilijiona nikiitoa kwenye droo, naye akinipa ile nane. Nasema haya nikiwa na aibu. Sehemu ya kitendo kile ilikuwa huruma, na sehemu ilikuwa kutaka kusifiwa na mwalimu.

Halafu ikaja wiki ile ya vita ambayo mji ulipata wenyewe wapya. Tulijifungia siku nne bila maji wala umeme, tumelala chini. Tulipotoka, kibanda changu hakikuwa na mlango. Waporaji walichukua kompyuta za wateja, printa, meza, hata pampu ya baiskeli. Droo waliibeba pamoja na vilivyomo. Nilisimama pale nikahesabu hasara ya wateja kwa vidole, na ile diski yenye nakala ya shule ya Prefe sikuihesabu. Niliikumbuka jioni, nikajiambia basi, mashine yake bado ipo.

Hiyo ndiyo hali aliyonikuta nayo mara ya mwisho. Nilikuwa nimehamishia kazi barazani kwetu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na bisibisi nilizokuwa nazo mfukoni siku ya vita. Mahema ya Mugunga yalikuwa yamevunjwa, watu wameambiwa warudi kwao, na Prefe alikuwa amejificha chumba cha nyuma ya kanisa. Alitokea asubuhi, kwa miguu. Sikumsikia. Niliinua kichwa nikamwona amesimama mbele yangu na kifurushi chake, vitenge vitatu na bashi, na hakikuwa kinavuma. Alinisalimu, akamsalimu mama yangu, akawasalimu watoto wa jirani, mmoja mmoja. Halafu akakaa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa mbele ya mashine yake.

Aliniambia kwa sauti ya chini. Watu watatu walikuja kanisani juzi, na bunduki, wakamwita Papa Prefe kwa adabu kabisa. Walisikia ana majina. Walitaka orodha ya vijana wa kiume wa madarasa ya juu, pamoja na vijiji na majina ya baba, eti kwa ajili ya kufungua shule upya. Prefe aliwaambia mashine ni mgonjwa. Wakasema hakuna shida, watarudi baada ya siku mbili na fundi wao.

“Niliandika batoto bale ili bawe batu,” alisema. “Sasa banabatafuta mule mule mu majina.”

Kwa hiyo aliiwasha mashine, akaiongezea blanketi juu ya vitenge, akaiunganisha na betri ya sola ya padri, akaiacha ijipike usiku na mchana. Jana alasiri ilinyamaza. Ikatoa harufu. Aliibonyeza asubuhi mara ishirini, haikujibu. Alitaka tu nimhakikishie kwamba imekufa kweli, kwamba hakuna fundi atakayetoa kitu ndani yake.

Niliifungua. Ubao mkuu ulikuwa umeungua, kuna doa la kahawia pale prosesa ilipo. Lakini ubao si mafaili. Diski ilikuwa mahali pake, nzima, na nukta zangu mbili nyekundu bado zinang'aa. Fundi yeyote angeichomoa na kuisoma kwa mashine nyingine kwa dakika tano. Ningeweza kunyamaza, aende na amani yake ya uongo. Nilimwambia. Alitazama diski ile mkononi mwangu. Ilikuwa ni watoto mia nne na pointi zao, na yule wa arobaini na tisa akiwa miongoni mwao.

“Maliza, mama,” alisema.

Barazani kwetu kuna jiwe jeusi la mlima tunalofulia nguo. Niliiweka diski juu yake, nikaipiga kwa nyundo mpaka sahani zile za ndani, zinazong'aa kama kioo, zikawa vipande. Nilipiga nikilia, sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaviweka ndani ya soksi pamoja na muhuri, akasema atavitupa ziwani. Katika mashine nilimpachikia diski nyingine iliyokufa zamani na kubaki nyumbani, ili fundi wao akute kitu. Akafunga kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, na bashi juu, kwa uangalifu uleule.

Alipokuwa ameshasimama aliniuliza.

“Nakala haiko fasi yoyote?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Angeweza kuwaonya wale vijana kwamba nakala imeibwa, angeweza walau kujua. Lakini niliutazama uso ule, na nikajua kwamba nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokifanya, na hakuna popote pa kumpeleka na habari hiyo. Au labda niliogopa tu. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili.

“Haiko, Prefe. Ulikataza.”

Alitikisa kichwa kukubali, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Njo vile. Ulinisikia. Dix, mama. Dix sur dix, kumi juu ya kumi.”

Akaenda. Sikumwona tena, na padri naye amehama. Msichana wa samaki aliniuliza mwezi uliopita kama Prefe bado ana mashine, maana mdogo wake anahitaji bulletin. Nikamwambia mashine imekufa.

Siku hizi nazunguka masoko vinapouzwa vitu vya mkono wa pili, chaja, simu zilizovunjika, diski zilizolundikwa kwenye beseni. Wauzaji wameshanizoea, wanadhani natafuta vipuri. Kila diski nyeusi naiokota, naigeuza upande wa chini, natafuta nukta mbili nyekundu. Kisha nairudisha, nachukua nyingine.